Kompyuta ya kupozwa na maji, hapahapa Mbeya

Kila nikimwambia mtu nimefunga kompyuta yangu mfumo wa maji naulizwa lile lile, we uko Mbeya bwana, mwezi wa saba watu wanalala na masweta, maji ya nini tena? Sasa sikilizeni. Huku tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, kwaiyo feni izunguke spidi ile ile bado joto inalobeba ni pungufu kidogo. Baridi inasaidia ndio, ila sio kivile. Mi nikirenda video, yaani kuitoa iwe faili kamili baada ya kuhariri, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ilikuwa inagonga digrii 90 huku feni inalia mpaka chumba cha pili, afu mashine inaanza kujipunguza spidi yenyewe.

Ugomvi wote uko kwenye radiata, ile inayopoza maji yaliyobeba joto la prosesa. Tafuta ile ndogo ya hita ya gari la zamani, inayokaa nyuma ya dashibodi, na iwe ya shaba. Ya pikipiki ni nzuri kwa sura lakini ni alumini, na bloku, kile kipande kinachokaa juu ya prosesa maji yapite ndani yake, chini ni shaba, ukiviweka viwili hivyo kwenye maji yale yale alumini inaliwa taratibu, uchafu wake unaenda kuziba vile vijia vyembamba vya bloku. Muuzaji akikusifia sana ya alumini mwachie tu. Mi nilipata kwa mzee mmoja wa gereji kule Mwanjelwa, akaunga midomo mipya kwa lehemu, akauliza ya gari gani hii kijana, nikamwambia ya kompyuta mzee, akacheka hadi akaweka chombo chini. Bei alinipunguzia, ndaga fijo, yaani asante sana.

Bloku sikujaribu kuchonga, nimeagiza iliyotumika kutoka Dar ikaja na basi. Pampu ni ya volti 12, inakula umeme kwenye pawasapulai, kile kisanduku kinacholisha umeme mashine yenyewe, ili zote ziwake na kuzima pamoja, si unajua umeme wetu. Maji usiweke ya bomba, weka yale ya betri yaliyosafishwa, na dukani useme vizuri usije ukapewa asidi.

Kabla ya kuwasha mashine zungusha maji peke yake. Chomoa pawasapulai kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, kwenye ile plagi kubwa unganisha waya wa kijani na mweusi, pampu itazunguka bila kompyuta kuwaka, zungushia tishu kila kiungo uache usiku kucha, tishu ikilowa unajua panapovuja. Na upepo utoe wote kama mnavyotoa kwenye injini ya dizeli, pampu ikimeza hewa inalia vibaya.

Sa hivi narenda inacheza kwenye 60 na kitu, feni ya radiata huisikii. Kuna wanaodhani maji yatashusha joto chini ya lile la chumbani, hapana, radiata inapozwa na hewa hiyo hiyo ya chumbani. Nikipata bloku ya kadi ya picha naiingiza kwenye mzunguko huo huo, wala mpangilio wa kipi maji yaanze kupita haunisumbui, maji yakipita lita mbili kwa dakika wati 100 zinayapandisha hata digrii moja haifiki.