Maktaba ya shule ndani ya Raspberry Pi, bila intaneti

Shule yetu iko milimani Lushoto, na mtandao wa simu hapa hutegemea umesimama upande gani wa jengo. Walimu tuna vishikwambi tulivyogawiwa baada ya Sensa ya 2022, na chumba cha kompyuta kina mashine chache zinazofanya kazi. Hata hivyo kila aliyehitaji mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) wa miaka ya nyuma alikuwa anaupakua kwa bando lake. Faili lile lile, pesa za mfukoni za watu wengi. Nilitaka lipakuliwe mara moja, likae shuleni, na yeyote alifungue bila kulipa chochote.

Nilichagua Raspberry Pi 4. Ni kompyuta kamili inayoenea kiganjani, na kilichonivutia zaidi ni ulaji wake wa umeme: kwa kazi ya kawaida hutumia kati ya wati 3 na 6. Kompyuta ya mezani ingetaka mara kumi ya hapo, na mahali ambapo umeme unakatika bila taarifa tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama seva, yaani kompyuta inayowagawia wengine mafaili, itaishi au la.

Kuifanya iwe seva ni sehemu rahisi, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Kwa kutumia Raspberry Pi Imager niliandika mfumo wa Raspberry Pi OS Lite, ule usio na madirisha, kwenye memori kadi ya GB 32. Programu hiyo inakuruhusu kuweka jina la mashine, mtumiaji, nenosiri na SSH (njia ya kuiongoza ukiwa kwenye kompyuta nyingine) kabla hujaiwasha. Weka nenosiri lako la maana. Tangu 2022 mfumo hauji tena na mtumiaji "pi" na nenosiri "raspberry" vilivyokuwa vikijulikana na dunia nzima, na ni vizuri hivyo. Kisha nikaiunganisha na intaneti ya simu yangu, nikaingia kwa SSH na kuandika:

sudo apt update
sudo apt install nginx kiwix-tools

Nginx, programu inayotuma kurasa kwa vivinjari, inaanza yenyewe. Ukifungua anwani ya IP, yaani namba ya kompyuta hiyo kwenye mtandao, ndani ya kivinjari, unakuta ukurasa wa kukaribisha. Mafaili ya tovuti yanakaa /var/www/html. Niliandika ukurasa mmoja wa HTML wenye viungo vya kila somo, na kwenye mipangilio ya Nginx nikaongeza "autoindex on;" ili folda za mitihani na notsi zijiorodheshe zenyewe. Kiwix nayo inatoa Wikipedia nzima bila intaneti kutoka faili moja la ZIM, yaani tovuti nzima iliyobanwa. Ya Kiswahili inaenea kwenye flashi ya kawaida. Ya Kiingereza yenye picha zote huzidi GB 100, kwa hiyo nilichukua mkusanyiko mdogo zaidi. Flashi ya mafaili hayo niliifomati kwa mpangilio wa ext4, kwa sababu ule wa FAT32 haupokei faili linalozidi GB 4.

Kazi kubwa ilikuwa umeme.

Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Chaja nyingi za simu zimeandikwa volti 5, lakini waya wake mwembamba hula sehemu ya volti hizo njiani, na kompyuta inapoanza kazi nzito zinashuka. Zikipungua chini ya 4.63 hivi, Pi inapunguza kasi yake kimyakimya. Hakuna anayeona kosa, wanafunzi wanaona tu kwamba kurasa zinachelewa. Amri ya kujua ukweli ni hii:

vcgencmd get_throttled

Ikijibu 0x0, mambo ni salama. Ikijibu 0x50000, ujue umeme ulishuka wakati fulani tangu iwashwe. Kwangu ilijibu 0x50005, maana yake umeme ulikuwa umeshuka muda ule ule niliokuwa nauliza. Nikaachana na chaja. Nilichukua betri ya volti 12 yenye saa-ampea 20, nikaweka kifaa cha kushusha volti hadi 5.1, na waya mfupi mnene. Pi na rauta inayotoa Wi-Fi kwa pamoja ni kama wati 10. Betri ina wati-saa 240, na kwa kuwa betri ya risasi, aina ile ya gari, haifai kumalizwa zaidi ya nusu, hesabu inatoa saa 12. Siku nzima ya masomo inapita bila umeme wa gridi.

Umeme ukikatika ghafla, memori kadi ndiyo inayoumia, hasa kama mfumo ulikuwa katikati ya kuandika. Dawa yake imo ndani ya raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi: washa overlay file system. Tangu hapo mabadiliko yote yanaandikwa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, na kadi haiguswi. Hata mtu akichomoa waya, inarudi kama ilivyokuwa. Ninapotaka kuongeza mafaili nauzima ulinzi huo, naiwasha upya, naongeza, kisha naurudisha. Usumbufu huo naukubali kwa moyo mmoja.

Ulinzi huo unaleta jambo moja ambalo maelekezo mengi hayasemi. Pi 4 haina saa yenye betri. Huuliza muda kwenye intaneti, na isipoipata huanza na muda iliouhifadhi mara ya mwisho. Kadi isipoandikwa, muda huo haubadiliki kamwe, na kila asubuhi mashine inaamini ni siku ile ile. Mafaili mapya yanapata tarehe za uongo, na mwanafunzi hajui kipi kimewekwa juzi. Nilifunga kipande cha saa cha DS3231 chenye betri yake, nikaongeza dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye faili la mipangilio config.txt, na tarehe zikakaa sawa.

Wi-Fi niliiachia rauta, kwa sababu ile ya ndani ya Pi haikuundwa kwa darasa zima. Anwani ya Pi, 192.168.1.10, imeandikwa ubaoni, maana simu za Android za zamani hazitambui majina ya mashine yanayoishia na .local. Kishikwambi kikilalamika kwamba Wi-Fi haina intaneti, chagua kubaki kwenye mtandao huo, la sivyo kinahamia kwenye bando na ukurasa haufunguki.

Sasa kidato cha nne wanafungua mitihani ya Fizikia ya miaka mingi mfululizo wakiwa kwenye benchi moja, na mwalimu wa Baiolojia anaomba video. Video zinataka diski kubwa, na milango ya USB ya Pi 4 inatoa ampea 1.2 tu kwa jumla. Diski hiyo itabidi ipate umeme wake yenyewe kutoka kwenye betri, na ndiyo hesabu ninayoipiga wiki hii.