Hamburg Haikukosea Kumchagua Stockhausen

Maisha ya mtunzi wa muziki Johannes Brahms yanaposimuliwa, hufika mahali ambapo mji wa Hamburg, alikozaliwa, unalaumiwa kwa kumnyima kazi aliyoitamani. Mwaka 1862 mzee Friedrich Wilhelm Grund, mwongozaji wa matamasha ya Filharmoniki ya Hamburg tangu mwaka 1828, alikuwa anakaribia kupumzika, na Brahms, kijana wa miaka 29, alitumaini kwamba nafasi hiyo ingemwangukia yeye. Badala yake okestra, pamoja na kwaya ya Singakademie, zilikabidhiwa kwa Julius Stockhausen, mtu ambaye wengi walimjua kama mwimbaji tu. Mpiga fidla Joseph Joachim, rafiki wa wote wawili, aliona uchungu, na uchungu huo umerithiwa na waandishi waliokuja baadaye, ambao humtaja Stockhausen kwa sentensi moja kisha wakamwacha. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya usharika, na katikati ya juma nafundisha mtu mmoja mmoja kutumia sauti yake, kwa hiyo sentensi hiyo moja hainitoshi. Naamini Stockhausen aliistahili kazi ile, na aliistahili kwa sababu alikuwa mwimbaji.

Alizaliwa Paris tarehe 22 Julai 1826, katika nyumba ambayo muziki ulikuwa ndio riziki: baba yake, Franz, alikuwa mpiga kinubi, na mama yake, Margarethe, alikuwa soprano aliyependwa sana Uingereza. Ukoo wao ulikuwa na mizizi Alsace, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, na kijana akakua na lugha zote mbili. Alisoma Paris, kisha akamfuata London mwalimu Manuel García, yule yule ambaye mwaka 1854 alitumia vioo viwili vidogo kuzitazama nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifanya kazi. García alikuwa ametoka katika familia ya waimbaji wa opera, lakini hakuridhika kumwambia mwanafunzi "fanya kama mimi". Alitaka kujua pumzi inakutana vipi na koromeo, na kwa nini sauti ya kifua hukatika inapopanda kuelekea sauti ya kichwa. Ukimsoma Stockhausen baadaye unaiona alama ya mwalimu huyo kila mahali.

Mwaka 1848 aliimba katika oratorio (hadithi ya dini inayoimbwa na kwaya, waimbaji wa solo na okestra bila maigizo) ya Mendelssohn iitwayo Elia, huko Basel, na miaka iliyofuata akapita pia katika opera, ikiwa ni pamoja na ile ya jumba la Opéra-Comique la Paris. Hata hivyo jukwaa la opera halikuwa nyumbani kwake. Jina lake lilijengwa na jambo ambalo leo tunaliona la kawaida: mwaka 1856, mjini Vienna, aliimba mbele ya hadhira nyimbo zote 20 za Die schöne Müllerin, mfululizo wa nyimbo unaosimulia hadithi moja, wa Franz Schubert, tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Schubert alikuwa amekufa tangu mwaka 1828, na nyimbo zile zilikuwa zimechapishwa zamani, lakini desturi ya matamasha ilikuwa kuchukua wimbo mmoja au miwili na kuichanganya na kipande cha opera, kipande cha piano na chochote kilichopendeza. Stockhausen alisisitiza kwamba hadithi ya yule kijana msaga nafaka haieleweki ikikatwa vipande. Kwa maoni yangu hapo ndipo mwongozaji alipoanza kuonekana, kwa maana mtu anayeweza kubeba nyimbo 20 akijua wimbo wa tatu unadai nini kwa ajili ya wimbo wa kumi na nane, tayari ana kichwa cha kubeba oratorio nzima.

Kinachosahauliwa katika lawama za Hamburg ni kwamba Brahms mwenyewe aliujua uwezo huo kwa karibu. Mwaka 1861 alikuwa amekaa kwenye piano katika mji huo huo wakati Stockhausen alipoimba Dichterliebe, mfululizo wa nyimbo wa Robert Schumann, na Brahms alizitabaruku nyimbo zake mwenyewe 15 za Magelone kwa rafiki huyo. Urafiki wao haukuvunjika.

Sasa, mwimbaji analeta nini mbele ya kwaya ambacho mpiga piano hodari anaweza kukikosa? Analeta pumzi. Mwongozaji ambaye hajawahi kusimama peke yake na kuimba mstari mrefu huku hewa ikimwishia, huinua mkono kama mtu anayewasha taa: anatazamia sauti itoke papo hapo. Aliyewahi kuimba hujua kwamba mkono unapoinuka ndipo kwaya inapovuta pumzi, na kwamba namna ule mkono unavyoinuka, taratibu au kwa kushtuka, ndiyo itakayoamua kama soprano wataingia wakiwa wamelegea au wamekaza shingo. Hujua pia kwamba kuwaambia tena "ongezeni nguvu" kwenye nota ya juu ni kuwaomba wapige kelele, wakati mara nyingi tatizo ni irabu iliyofinywa. Nimewaona vijana wenye sauti nzuri wakikauka koo kabla ya miaka 30 kwa kuongozwa na watu wenye masikio mazuri sana, wanaojua kila kosa la sol-fa (do, re, mi), lakini wasiojua kosa hilo linatokea wapi mwilini. Jambo hili linaniuma, kwa sababu sauti haibadilishwi kama kamba ya gitaa.

Stockhausen aliongoza Hamburg hadi mwaka 1867. Mwaka uliofuata, Ijumaa Kuu tarehe 10 Aprili 1868, alisimama katika kanisa kuu la Bremen kama mwimbaji wa solo, na aliyekuwa ameshika fimbo ya uongozaji alikuwa Brahms. Kazi yenyewe ilikuwa Requiem ya Kijerumani ya Brahms, muziki wa kwaya na okestra wa kuwakumbuka wafu, wakati huo ikiwa na sehemu sita. Nyingine, yenye solo ya soprano, ambayo sasa ni ya tano kati ya saba, iliongezwa baadaye. Kwaya ilikuwa imeandaliwa na Carl Reinthaler. Katika sehemu ya tatu baritoni (mwanamume mwenye sauti ya kati) huanza peke yake na maneno ya Zaburi ya 39, pale mtu anapomwomba Bwana amjulishe mwisho wake, na kila anapomaliza fungu, kwaya huyapokea maneno yale yale kwa sauti nne. Ugumu wa mahali hapo hauko kwenye nota. Uko katika kuimba fungu la kwanza kwa namna ambayo watu wengi watakaolirudia watajua waweke uzito kwenye neno gani na wapumue wapi. Kwa hiyo mwimbaji wa solo pale anafanya kazi ya mwalimu wa kwaya bila kuinua mkono, na sishangai kwamba Brahms alimtaka mtu ambaye ameifanya kazi hiyo kwa miaka.

Kuanzia mwaka 1874 hadi 1878 aliongoza kwaya ya Stern mjini Berlin, ambayo baada yake ilipokewa na Max Bruch. Kisha akahamia Frankfurt kufundisha katika Chuo cha Hoch, chuo kipya ambako Clara Schumann alifundisha piano. Hakudumu, aliondoka, akafungua shule yake mwenyewe mjini humo, na mwaka 1884 akachapisha mbinu yake ya uimbaji. Alifariki Septemba 1906, akiwa na miaka 80, miezi michache tu baada ya mwalimu wake García, aliyekuwa amefikisha miaka 101.

Wanafunzi wake ndio wanaonishangaza zaidi. Hermine Spies alikuwa kontralto, mwanamke mwenye sauti ya chini, ambaye Brahms alimpenda sana kwa nyimbo zake. Anton van Rooy, Mholanzi mwenye sauti nzito, aliimba Wotan, mfalme wa miungu katika opera za Wagner, kwenye tamasha la Bayreuth mwaka 1897, akishindana na okestra kubwa ya mtunzi huyo. Johannes Messchaert, Mholanzi mwingine, alijulikana kwa kuimba maneno ya Yesu katika Mateso ya Mathayo ya Bach, kazi inayotaka utulivu na matamshi safi kuliko nguvu. Sauti tatu zisizofanana hata kidogo, zimetoka kwa mwalimu mmoja, na hakuna iliyogeuzwa nakala yake. Kwa sasa nayajaribu mazoezi ya irabu ya mapokeo hayo pamoja na sauti ya tatu katika kwaya yangu, irabu moja baada ya nyingine kwenye nota moja ndefu, kabla hatujagusa wimbo wowote, na kila mmoja anaimba peke yake kwanza ili nimsikie yeye kabla sijaisikia safu.