Kliniki ya miguu iliyo ghorofa ya tatu

Mkakati wa matangazo nilioletewa niukague mwezi uliopita ni wa kliniki ya miguu kando ya Ngong Road. Jina nalibana. Daktari ni hodari, lakini pesa zake za matangazo karibu zote zinakwenda Instagram kuwatafuta wakimbiaji: viatu vya bei, vijia vya msitu wa Karura, vijana wenye misuli.

Si wazo baya. Oktoba, Nairobi Marathon ikikaribia, visigino vinauma mji mzima. Ila mkimbiaji akishapona, humwoni tena. Mwenye kisukari anatakiwa kukaguliwa miguu angalau mara moja kwa mwaka, hata kama haumwi popote. Na hasa kama haumwi, kwa sababu sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva, mtu akakanyaga msumari na kuendelea na shughuli zake. Kidonda kikija kuonekana kimeshaoza, mazungumzo huwa ya kukata mguu.

Kipimo chenyewe ni uzi wa nailoni unaogusishwa kwenye wayo na kupinda ukibanwa kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa hufumba macho, akisikia anasema, asiposikia ananyamaza. Nilimtazama daktari akimpima mzee mmoja, nikamwambia hiyo ndiyo video yako. Haina damu wala kucha mbovu, na anayeitazama ataanza kuwaza nyayo za mamake.

Picha za "kabla na baada" nimeziondoa zote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na wagonjwa hawakuulizwa. Daktari akajitetea kwamba sura hazionekani. Sawa, lakini shemeji wa mtu anaujua ule mguu.

Kuhusu washindani, kuna ukurasa mzima juu ya hospitali za Upper Hill. Vijana wa kutengeneza kucha mjini hawamo kabisa, na hao ndio wanaochokonoa kucha zinazoota kuingia nyamani kabla daktari yeyote hajaziona. Ningeanza nao: wafundishwe kutambua kidole kilichovimba na kutunga usaha, wajue pa kumtuma mteja. Kuna aliyependekeza walipwe kwa kila kichwa. Nilikataa, mgonjwa si abiria wa matatu.

Halafu lifti. Kwa maneno ya soja wa langoni, "inarudi wiki ijayo," na amekuwa akisema hivyo tangu nianze kwenda pale. Mkakati mzima hautaji ngazi! Nimependekeza nusu ya pesa za Instagram zikodishe chumba cha chini, hata kama ni kwa siku mbili tu za wiki.

Bei nayo itajwe. Ukiuliza kwa WhatsApp unajibiwa "karibu kliniki upate maelezo", na aliyeko Kayole na kisigino kinachomuuma hapandi matatu mbili kufuata maelezo.

Siku ya Kisukari Duniani ni 14 Novemba. Nimemsihi daktari asinunue fulana wala hema. Achukue ule uzi wake, azungukie kliniki za kisukari za kaunti, aongee na wauguzi na kuwaachia namba. Na namba hiyo iwe na mtu wa kuipokea hadi saa tatu usiku, maana wengi huitazama miguu yao wakishavua viatu, na saa hizo mapokezi yake yamefungwa.