Mchoro wa jalada huanza na rula

Mchora katuni akipewa kazi ya jalada, swali la kwanza lisiwe kitabu kinahusu nini. Aulize kina kurasa ngapi.

Kurasa ndizo zinazotoa unene wa mgongo. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina unene wa takriban milimita 0.1, na kila karatasi ni kurasa mbili. Kitabu cha kurasa 160 kina karatasi 80, kwa hiyo mgongo wake ni milimita 8 hivi. Kikiwa cha A5, yaani milimita 148 kwa 210, jalada likifunuliwa lote (nyuma, mgongo na mbele) lina upana wa milimita 304. Ongeza milimita 3 za kukatwa kila upande, upate 310 kwa 216. Mimi ni wa kuchora mara moja na nusu ya ukubwa halisi, kwa sababu mtetemo wa mkono hufichika picha ikipunguzwa. Hapo unahitaji milimita 465 kwa 324: A3 haitoshi, tafuta A2. Jalada la mbele peke yake linaenea kwenye A3 vizuri tu.

Hizo milimita 3 zisidharauliwe. Kisu cha kiwandani hakipiti mahali palepale kwa kila nakala, hivyo anga uliyoiishilizia kwenye mstari wa penseli itaacha utepe mweupe pembeni. Kinyume chake pia ni hatari: kidole au sikio la mhusika likikaribia ukingo litakatwa. Uso, mikono na kila chenye maana viwe angalau milimita 5 ndani ya mstari wa kukatia kwa kipimo cha kitabu, sawa na 7.5 kwenye mchoro wako.

Jina la kitabu usilichore juu ya picha, hata kama mwandiko wako ni mzuri. Acha theluthi ya juu iwe tulivu, na herufi ziwekwe kwenye kompyuta. Wachapishaji hubadilisha majina dakika za mwisho, na herufi zilizokwisha kupakwa wino hazifutiki bila kuiumiza karatasi. Nyuma, acha pembe tupu ya sentimita 5 kwa 3 hivi kwa ajili ya msimbopau wa ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu.

Tangazo ni jambo jingine. Chukua la duka la juisi ya zabibu: mchoro una upana wa sentimita 24, gazetini utakaa kwenye sentimita 8. Umepungua mara tatu. Mstari wa milimita 0.3 unabaki 0.1 na utakatikakatika. Mistari ya kivuli iliyoachana kwa milimita 0.6 inabaki na pengo la 0.2, na karatasi ya gazeti hunywa wino ukasambaa, kwa hiyo kivuli chote kinageuka doa jeusi. Punguza mistari, nenepesha iliyobaki. Kipimo changu ni umbo la nje: mhusika akijazwa weusi mtupu bado atambulike. Kipanya, yule panya wa mchora katuni Masoud, anatambulika hata akiwa mdogo kiasi gani. Bei na namba za simu nazo zikae nje ya mchoro, maana bei hazikai.

Ukavu wa Dodoma nao una mambo yake, hasa miezi isiyo na mvua. Wino hukaukia kwenye ncha ya kalamu ya kuchovya ukiwa bado unafikiria, kwa hiyo weka kikombe cha maji na kitambaa karibu, uifute kila baada ya mistari michache. Rangi ya maji huacha kingo ngumu kabla hujaisambaza: lowesha karatasi kwanza, na changanya rangi ya kutosha eneo lote kwa mara moja. Usidanganyike na wino uliokauka juu. Sehemu nene nyeusi ziache hadi kesho yake ndipo ufute penseli, la sivyo kifutio kitapauza weusi.

Vumbi ndilo adui wa skana. Chembe moja kwenye kioo inakuwa nukta nyeusi kwenye pua ya mhusika. Futa kioo kwa kitambaa kikavu laini kabla ya kila mchoro. Kazi ya mistari inataka nukta 600 kwa inchi kwa ukubwa wa mwisho, na kwa kuwa umechora mara moja na nusu, skani kwa 400 inatosha. Skana ya A4 itakulazimu kuskani vipande. Viache vipandane kama sentimita 3. Picha ya simu haifai, kwani kingo hupinda.

Ukishatuma faili, karatasi baki nayo. Mteja anayetaka kuinunua anunue, lakini kuuza karatasi si kuuza haki ya kuchapisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatenganisha mambo hayo, basi kila kimoja kiandikwe kwenye makubaliano. Hifadhi michoro ikiwa imelala bapa, bila selotepu (inageuka njano na kuila karatasi), mbali na jua la dirishani linalopausha wino wa makapeni, na isiguse sakafu wala ukuta, maana mchwa wa huku hawachagui. Nyuma ya kila mmoja andika kwa penseli laini: mteja, tarehe, ukubwa wa mwisho, na matumizi aliyolipia.