Ujumbe wa afya uanzie kwenye kitochi

Ukitaka taarifa ya afya ifike Unga Limited, Ngarenaro au Daraja Mbili hapa Arusha, iandikie kitochi kwanza. Lile bango zuri la PDF linalozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp linaishia kwa wenye simu janja, na hata kwao halifunguki kila mara. Aliyejiunga bando la WhatsApp tupu akibonyeza linki ya tovuti, ukurasa unazunguka weee, haufunguki, maana bando lake haliko huko. Mwingine memori imejaa.

SMS moja ina herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Zinatosha hata kueleza ORS, ule unga wa chumvi na sukari anaokorogewa anayeharisha:

"Mtoto anaharisha? Pakiti 1 ya ORS, lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Mpe kidogo kidogo. Tumia ndani ya saa 24. Akilegea au akiharisha damu, wahi kituoni."

Hiyo "lita 1" usiikate hata ukibanwa na nafasi. Ukiandika "changanya na maji" tu, mtu atachukua chupa ya nusu lita kwa kuwa ndiyo iliyopo ndani, na dawa itakuwa kali mara mbili. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Kama una nafasi ya ujumbe wa pili, sema wazi: chupa 2 za nusu lita, pakiti moja. "Kidogo kidogo" nayo ina kazi yake, kwa sababu mtoto anayetapika akipewa kikombe kizima kwa mkupuo hukirudisha.

Kuna kosa dogo linalokula hela za watumaji: alama ya ng'. Tuseme unaandika "Uking'atwa na mbwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha wahi chanjo." Ukiiandika kwenye kompyuta, programu huipinda ile alama yenyewe. Alama iliyopinda haimo kwenye herufi za kawaida za SMS, kwa hiyo nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70, na ujumbe mmoja unalipiwa kama miwili. Emoji inaleta hasara hiyohiyo. Weka alama iliyonyooka, halafu jitumie kwanza kwenye kitochi usome.

Sasa la faragha, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Simu ya nyumba moja husomwa na watu wengi. Anayetumia ARV, yaani dawa za VVU, asitumiwe ujumbe unaotaja dawa wala kliniki. "Kumbuka Jumanne saa 3 asubuhi" inamtosha, mradi mlikubaliana siku ya kuandikishwa. Siku hiyo muulize: laini ni ya nani, nani mwingine anaishika, saa ngapi iko mkononi mwako? Mama anayeshinda Soko la Kilombero huku simu iko kwa mumewe, ujumbe wa saa 4 asubuhi haumfikii yeye. Na namba ihakikiwe kila hudhurio, watu hubadili laini.

Kwa wasiosoma, rekodi sauti isiyozidi dakika moja, jambo moja tu, kwa Kiswahili cha mtaani, na nyingine kwa Kimaasai. Sauti hula bando kidogo mno kuliko video, na inaingia hata kwenye memori kadi ya kitochi chenye redio.

Mwenye swali apige 199 ya Wizara ya Afya, ni bure hata kama hana vocha. Namba hiyo ipakwe kwa rangi kwenye kila kibanda cha kuchajia simu, kubwa, isomeke kutoka ng'ambo ya barabara.