Uzi Mmoja wa Rasta

Januari 2011, kwenye chumba cha chini cha maabara moja Ujerumani, elektroni zangu zilikuwa zinawahi mno kufika.

Kazi niliyopewa haikuwa na maneno mengi: pima kasi ya elektroni zinavyoserereka ndani ya gesi ya argoni zikivutwa na umeme. Nilikuwa na kopo la chuma cha pua, ndani yake sahani mbili zilizotazamana, sentimita 5 kati yao, na argoni ya nusu ya kanieneo ya hewa ya kawaida. Taa ya mweko ilipiga sahani ya chini kwa miali ya urujuanimno, elektroni zikabanduka, volti 625 zikazivuta juu. Kwenye osiloskopu, mashine inayochora umeme kwenye kioo, ilitokea picha kama meza: mstari unapanda, unakwenda sawa, halafu unaporomoka elektroni zinapotua. Urefu wa meza ndio muda wa safari.

Nilitegemea mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 17 hivi, yaani kama kilomita 3 kwa sekunde. Nilipata 11.

Kilomita 3 kwa sekunde si mbio kwa elektroni. Kila moja humo ndani inakimbia zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, ila inakimbia ovyo, inagonga atomu, inarudi, inagonga tena. Ni kama wewe Kariakoo siku ya kuamkia Idi: miguu haitulii, lakini kutoka Msimbazi hadi Mtaa wa Kongo umri unakwisha.

Siku ya kwanza nilifurahi (nani asingefurahi?). Ya pili nikabadilisha nyaya. Ya tatu nikamwita fundi wa karakana, mzee wa miaka sitini na kitu ambaye moyoni nilikuwa namwita babu. Hakuangalia hata namba. Aliweka kidole kwenye kioo, akafuata mstari wa juu taratibu.

"Meza yako imeinama," akasema. "Una hewa humo."

Kweli ilikuwa imeinama, na mimi siku tatu naitazama. Mstari ukishuka kabla ya mwisho, maana yake elektroni zinapotea njiani. Argoni hainasi elektroni, oksijeni inanasa.

Nikabisha. Hewa ni uchafu, uchafu ungezichelewesha, sivyo? Akacheka, akaniambia nikamsome Ramsauer. Nikaenda kusoma. Mwaka 1921 Carl Ramsauer, mwanafizikia wa Ujerumani, alitangaza jambo ambalo hadi leo naliona kama mazingaombwe: elektroni ikiwa na mwendo mdogo wa kiasi fulani, atomu ya argoni ni kama haipo, inapita karibu bila kuguswa. Argoni safi haina namna ya kuzipoza elektroni, hivyo zinabaki na moto wao na kugongana hovyo. Tia naitrojeni kidogo tu, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa. Molekuli zake hutikisika zinapogongwa na kunyonya nguvu, elektroni zinatulia, zinakaribia ule mwendo ambao argoni haizioni, na kule zinakovutwa zinafika mapema. Ukizifunga breki, zinawahi.

Hapo nikakumbuka geji ya kanieneo. Kila asubuhi ilikuwa imepanda kidogo kuliko nilivyoiacha jioni, na mimi nikasingizia kipasha joto cha chumba. Tukalivuta kopo hadi ombwe, tukaliunganisha na mashine ya kutafuta uvujaji, babu akawa anapuliza heliamu kidogo kidogo kuzunguka viungo. Kwenye mfuniko mkubwa mashine ikapiga kelele.

Tulifungua. Juu ya pete ya mpira inayoziba mfuniko, umelala kutoka ukingo hadi ukingo, ulikuwepo uzi mweusi unaong'aa, mfupi kuliko kucha. Babu akaunyanyua kwa kibano, akautazama kwenye mwanga, akageuka taratibu kunitazama kichwani. Rasta zangu zilikuwa na wiki tatu. Dada yangu alinisuka usiku wa kuamkia safari, nyumbani Tabata, umeme umekatika, kwa tochi ya simu.

Tukasafisha pete, nikafunga kitambaa kichwani, tukajaza argoni mpya. Kesho yake meza ilikuwa imenyooka na safari ilikuwa mikrosekunde 17 na nukta kidogo. Ule uzi niliubandika kwa selotepu kwenye daftari, kando ya grafu.

Jumapili nikampigia dada. Alisikiliza yote, kisha akanuna.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuharibia kipimo?"

"Hapana dada. Wewe uliziongezea mwendo."

Akaniuliza nani sasa ananifumua huko.