Kiungio cha kugawa uzito kwenye karavani: kumbukumbu ya kufunga na kupima

Gari ni pikapu ya nusu tani, inchi 145 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Karavani ina ekseli mbili na uzito wa pauni 6,480 ikiwa imepakiwa, tangi la maji likiwa tupu. Kazi imefanyika Iowa, Marekani, hivyo vipimo ni vya inchi na pauni (pauni 1,000 ni kama kilo 454).

Kwa nini gari linahitaji kiungio hiki

Ulimi wa karavani, yaani fremu yake ya mbele inayounganishwa na gari, unakandamiza tufe la kuvutia kwa pauni 840. Hiyo ni asilimia 13 ya uzito wote, ndani ya kiwango kinachotakiwa cha asilimia 10 hadi 15. Tatizo ni mahali uzito huo unapokaa: tufe liko inchi 65 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo nyuma inazama na mbele inanyanyuka. Zidisha 840 kwa 65, gawanya kwa 145, unapata karibu pauni 380 zinazoyatoka magurudumu ya mbele, yale yanayoshika usukani na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ekseli ya nyuma nayo haiongezewi 840 tu, inaongezewa 840 pamoja na hizo 380. Wengi huisahau hesabu hii ya pili.

Kiungio cha kugawa uzito kina fimbo mbili za chuma cha springi. Zinachomekwa kwenye kichwa cha kiungio, zinapita chini ya ulimi, kisha ncha zake zinavutwa juu kwa minyororo. Fimbo iliyopindwa inataka kunyooka, na nguvu hiyo inakigeuza kiungio kama mtu anayenyanyua mikono ya toroli. Sehemu ya uzito inarudi kwenye magurudumu ya mbele, na sehemu ndogo inakwenda kwenye ekseli za karavani.

Kuchagua fimbo

Kwa pauni 840 za ulimi na takriban 100 za vifaa vilivyo kwenye bodi nyuma ya ekseli, fimbo za kiwango cha pauni 1,000 zinatosha. Za 800 zingeishiwa nguvu. Za 1,400 hazipindi vya kutosha, na kila shimo la barabarani lingepiga fremu ya karavani. Kibandiko cha risiva, ile soketi ya mraba chini ya bampa, huwa na viwango viwili: cha kuvuta bila fimbo za kugawa uzito na cha kuvuta nazo. Soma vyote viwili. Kiungio hiki hakiongezi uwezo ulioandikwa wa gari wala wa risiva.

Kufunga

Sehemu tambarare, gari na karavani vikiwa na mzigo wa safari. Karavani ikiwa imelala sawa, juu ya kikombe cha ulimi (kinachofunika tufe) palikuwa inchi 25 kutoka ardhini. Tufe (inchi 2 na 5/16) likawekwa inchi 26, kwa sababu gari litazama kidogo likibeba.

Nati ya tufe lenye shina la inchi 1¼ inakazwa kwa futi-pauni 450. Spana ya kawaida ya mkono haifiki huko. Azima au kodi spana ya kupimia yenye mpini mrefu, na kwangua rangi nene pale nati inapokalia, kwani rangi ikisagika nati inalegea.

Mabano ya minyororo yanafungwa kwenye fremu ya ulimi pale ambapo mnyororo utasimama wima gari na karavani vikiwa vimenyooka. Mitungi ya gesi ilizuia bano la kushoto, ikabidi kishikio cha mitungi kisogezwe nyuma inchi 2.

Sehemu iliyokula muda ni mwinamo wa kichwa cha kiungio, unaorekebishwa kwa washa (visahani vya chuma vyenye tundu) zinazopangwa kwenye pini ya nyuma ya kichwa. Washa nyingi zinainamisha kichwa zaidi, na fimbo zinapata nguvu zaidi kwa idadi ileile ya pete za mnyororo. Kwa washa 4, mbele ya gari ilishuka inavyotakiwa pale tu mnyororo ulipofupishwa hadi pete 3. Kitabu cha kiungio hiki kinataka pete zisizopungua 5, kwa kuwa mnyororo mfupi unaisokota fimbo kwenye kona. Washa 6 zikatatua.

Usikaze mnyororo wenye nguvu kwa mpini wa kukazia peke yake. Funga kikombe kwenye tufe, tia pini ya usalama, kisha nyanyua ulimi kwa jeki mpaka nyuma ya gari ipande nao. Fimbo zitalegea na mnyororo utaingia kwa urahisi. Kikombe kikiachana na tufe wakati wa kunyanyua, basi hakikuwa kimefungwa, na ni heri kukijua hapo kuliko barabarani. Simama pembeni ya mpini daima, kwani mpini ukiruka unavunja mkono.

Kupima

Karavani kuonekana imelala sawa si ushahidi. Kipimo cha kwanza ni urefu kutoka ardhini hadi upinde wa fenda ya mbele:

Gari peke yake: inchi 37½.
Karavani imeungwa, fimbo zimelegea: 38¾.
Fimbo zimekazwa: 38⅛.

Yaani nusu ya kilichopanda kimerudi, kama kitabu cha gari hili kinavyotaka. Magari mengine yana maagizo tofauti, kwa hiyo fuata la kwako. Kurudisha kupita kiasi kunaifanya nyuma kuwa nyepesi, na kwenye kona ya haraka nyuma inaweza kuteleza nje.

Kisha mizani ya CAT huko Walcott, kandokando ya Interstate 80. Madereva wa malori wanaijua: bamba kadhaa, kila kundi la ekseli linapimwa peke yake.

Gari peke yake: mbele 3,280, nyuma 2,620.
Fimbo zimelegea: mbele 2,900, nyuma 3,840, karavani 5,640.
Fimbo zimekazwa: mbele 3,080, nyuma 3,540, karavani 5,760.

Ekseli ya nyuma ina kikomo cha 3,800. Bila fimbo ilikuwa imezidi kwa 40, ilhali kwa macho gari lilionekana kuinama kidogo tu.

Barabarani

Kizuizi cha kuyumba cha msuguano, yaani mkono unaobana kati ya kiungio na ulimi ili karavani isiyumbe, kinafunguliwa kabla ya kurudi nyuma kwa kona kali, la sivyo mkono wake unapinda. Hakipakwi grisi. Grisi ni ya tufe na ncha za fimbo zinazoingia kwenye kichwa. Kabla ya kuvuka mtaro mkali, legeza fimbo kwanza: pembe ya gari na ulimi inaweza kuzibana kupita nguvu zake. Boliti zote zilikaguliwa baada ya maili 50, na mbili za mabano zilikuwa zimelegea robo mzunguko.

Kinachofuata

Tangi la galoni 40 likijaa linaongeza karibu pauni 334, na liko futi 4 nyuma ya katikati ya ekseli za karavani. Kwa hesabu, ulimi utapungukiwa pauni 74 na kubaki asilimia 11 hivi ya uzito mpya. Nitarudi mizani na tangi lililojaa, washa zikiwa zilezile 6, nione kama pete moja ya mnyororo ilegezwe.